Kikohozi cha Namba Kumi na Moja

Kila asubuhi, saa kumi na mbili kasorobo, dirisha la chumba cha juu katika nyumba namba kumi na moja, Thorncliffe Row, lilikuwa linakohoa mara tatu, linapumzika, halafu linakohoa mfululizo mpaka linatema. Avril Catterall alikuwa ameshazoea. Alipanda ngazi na beseni la maji ya moto yenye siki, akapangusa ubao wa chini ya vioo ambako makohozi yalikuwa yametuama kama uji uliolala, mazito, ya kijivu, yenye nyuzinyuzi nyeupe ndani yake. Nyuzi hizo zilinata kwenye kitambaa na hazikutoka hata kitambaa kikichemshwa. Zilikuwa pamba. Chumba kilinuka mafuta ya mashine na kitu kingine tena, kama nguo mbichi iliyosahaulika ndani ya ndoo.

"Leo ametoa damu?" Norman, mumewe, aliuliza kutoka jikoni.

"Kidogo. Kama ya juzi."

"Basi mvua inakuja. Mama ndivyo alivyokuwa. Hewa ikiwa nzito, anatoa damu."

Norman alikuwa na miaka sabini na minane, dereva wa basi aliyestaafu, na alizaliwa ndani ya chumba hichohicho. Siku ya kwanza tu dirisha lilipokohoa alilitambua. Viwili vifupi, kimoja kirefu, na mwisho mluzi mwembamba kama birika linalokaribia kuchemka. Alikuwa Nellie, mama yake. Mtu anaweza kusahau sura ya mzazi, lakini kikohozi alicholala nacho ukuta kwa ukuta miaka miwili hakisahau.

Kilianza mwezi wa Oktoba, wiki ileile halmashauri ya Oddenshaw ilipofunga karatasi kwenye nguzo za taa kutangaza kwamba safu nzima ya Thorncliffe, nyumba ishirini na mbili zilizoshikana kama meno, sasa ni eneo la hifadhi ya majengo ya kale. Hakuna mtu mtaani aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Jirani wa namba kumi na tatu aligonga ukuta mara moja akidhani ni Norman anayeumwa. Avril alipomweleza kuwa ni dirisha, akasema pole, akashauri asali.

Kwa Avril, tatizo halikuwa kikohozi. Lilikuwa baridi. Fremu zilikuwa zimeoza kiasi cha kuingiza kidole kama kwenye keki iliyochacha. Upepo ulipita pembeni ukaingia mpaka ndani ya mashuka. Nyuma ya kabati ukungu mweusi ulikuwa umepanda ukuta hadi usawa wa bega la mtu, na konokono wasio na magamba walitoka chini ya zulia wakaacha njia zao za ute kwenye viatu vya Norman. Kitanda walikisogeza mara mbili. Mara ya tatu hapakuwa na pa kukisogeza, na siku dirisha lilipokohoa kwa nguvu makohozi yalifika kwenye mto.

Kwa Norman, tatizo lilikuwa kikohozi.

"Nilishamzika," alimwambia mkewe. "Februari ya hamsini na tisa, nilibeba jeneza upande wa kushoto. Siwezi kumuuguza mara ya pili, tena safari hii sina hata pa kumshika mkono."

"Basi tulibadilishe," Avril akasema. "Tuyabadilishe yote ya mbele."

Kijana muuza madirisha akaja na sanduku la sampuli. Akaweka kipande cha plastiki nyeupe mezani, akakigonga kwa pete yake. Dirisha la juu likakohoa. Kijana akatazama dari kidogo, akaendelea.

"Haya ya kwetu hayakohoi, mama. Dhamana miaka ishirini."

"Na yanafunguka?" Norman akauliza.

"Kwa kidole kimoja."

Norman akatia saini kabla chai haijapoa. Wiki mbili baadaye kijana akapiga simu, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba, kusema kampuni yake haiwezi kugusa nyumba ile bila kibali. Avril akajaza fomu ya kurasa kumi na nne. Palipoandikwa *Sababu za kubadilisha* aliandika: zimeoza, baridi, ukungu, na mama mkwe wangu.

*

Afisa hifadhi wa halmashauri aliitwa Giles Farrant, mwembamba, viatu safi, mwenye tabia ya kushika kuta kama anayeshika shavu la mtoto. Alikuja na Bi. Cordelia Vane wa namba mbili, mwenyekiti wa chama cha Marafiki wa Thorncliffe Row. Bi. Vane alihamia kutoka kusini miaka minne iliyopita. Mlango wake ulikuwa umepakwa kijani ambacho yeye alikiita kijani sahihi, na waliopaka kijani kingine walipata barua.

Wakapanda juu. Avril hakuwa amepangusa siku hiyo. Norman alimwambia aache, waone wenyewe.

Farrant alipiga magoti mbele ya dirisha. Akapitisha ukucha kwenye mbao zilizooza, akatoa kipande, akakinusa. "Msonobari wa Baltiki," alisema. "Mbao za mwanzo kabisa. Na vioo hivi, mnaona vinavyoufanya mtaa uonekane unayumba? Havitengenezwi tena popote." Akaweka sikio lake kwenye fremu. Dirisha likamkoholea usoni.

Hakujifuta. Alitoa kichupa mfukoni, akachota makohozi kwa kijiko kidogo cha plastiki, akakiinua kichupa kwenye mwanga kama mtu anayeangalia asali. Nyuzi za pamba zikazunguka taratibu ndani yake.

"Na kikohozi?" Bi. Vane aliuliza kwa kunong'ona. "Nacho ni cha asili?"

"Bila shaka yoyote. Hakijawahi kurekebishwa."

"Ni mama yangu huyo," Norman alisema.

"Ndiyo, nimeona kwenye fomu. Nellie, siyo? Hiyo inatusaidia sana kujua mwaka."

Norman alitazama makohozi kwenye kola ya yule bwana, yakishuka. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliketi kwenye ukingo wa kitanda akaeleza, kwa sababu alidhani hawakujua, na kwamba wakijua itatosha.

Nyumba zote zilikuwa za kiwanda cha pamba, aliwaambia. Mzee Jabez Thorncliffe alizijenga, na wajukuu zake walizishikilia mpaka miaka ya sitini. Madirisha ya juu yanayotazama barabara yalipigiliwa misumari, kwa amri, ili wanawake wasianike nguo mahali gari la bwana linapopita. Nellie alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika chumba cha kuchambulia pamba, kule ambako vumbi lilikuwa jeupe kama theluji na mtu hamwoni mwenzake wa hatua tano. Kifua kilipomshika walimrudisha nyumbani. Majira ya baridi ya mwisho alikuwa akiomba kitu kimoja tu: hewa.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," Norman alisema. "Niliing'oa misumari kwa koleo. Nikalifungua. Akavuta pumzi, akacheka kabisa, akaniambia, 'Unasikia harufu ya mkate, Norm?' Ijumaa akaja mkusanya kodi. Akaona pazia linapepea. Akapanda na nyundo yake na misumari sita mipya. Mama amelala hapo nilipokaa mimi. Akamwamkia vizuri tu, 'Habari za asubuhi, Bi. Catterall,' kisha akapigilia. Alipomaliza akamwambia awe anakohoa mbali na ukuta, rangi inaharibika. Mama hakumaliza wiki tatu. Na daktari wa kampuni akaandika kwenye cheti: sigara. Mama yangu hakuvuta sigara hata siku moja. Hata moja."

 Dirisha likabaki na mluzi wake mwembamba.

Bi. Vane alikuwa ameweka kiganja kifuani. "Ni nzuri sana," alisema. "Giles, hii lazima iingie kwenye kijitabu chetu. Labda bila ile sehemu ya mkusanya kodi. Familia ya Thorncliffe bado wanatuchangia."

Farrant alikuwa ameinama akihesabu. "Misumari sita," alisema. "Kwa hiyo siyo ya awali, ni ya hamsini na nane au tisa. Hata hivyo ina umuhimu wake. Nawaomba msiiguse."

"Nataka kuing'oa," Norman alisema.

"Naelewa. Watu wengi hupenda kuboresha."

Walipoondoka, Avril alipangusa zulia mahali Farrant alipopiga magoti. Alipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Barua ya kukataliwa ilifika baada ya wiki sita. Ilisema plastiki ingedhuru sura ya mtaa. Ilisema pia kwamba kikohozi, kwa kuwa kinasikika kutoka barabarani, kinachangia kwa kiasi kikubwa tabia ya kihistoria ya eneo, na kwamba wakazi wanahimizwa kukitunza.

"Kukitunza," Avril alisema. Alikuwa mpishi wa shule miaka thelathini na hakuwa na mazoea ya kutukana. "Kunguni hawa."

*

Aliyewaokoa, kadiri walivyookolewa, alikuwa seremala Dean Pilling. Huyu alikuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo, na nusu ya madirisha ya mbao ya Oddenshaw yalikuwa yamepita mikononi mwake. Alichora dirisha jipya la mbao ngumu, la kupandisha na kushusha kama la zamani, upana uleule, kona zilezile, lakini likiwa na vioo viwili vyembamba vilivyoshikana ili joto lisitoke.

"Ukisimama barabarani huwezi kujua," alisema. "Hata Farrant hatajua. Kitu watakachouliza ni kimoja tu."

"Kipi?"

"Litakohoa?"

Kamati ya vibali ya halmashauri ilikaa Jumatano alasiri, ukumbi mdogo, biskuti kwenye sahani. Madiwani saba. Mmoja alitaka kujua kama dirisha jipya linaweza kutengenezwa na kikohozi. Dean akajibu kwamba yeye ni seremala, na kwamba kwa uzoefu wake kikohozi hakishiki kwenye mbao mpya, kinahitaji mtu. Mwingine akauliza kama kikohozi ni mali ya dirisha, ya nyumba au ya familia ya Catterall. Mwanasheria wa halmashauri akafungua kitabu, akasoma, akafunga. Alisema kitu kilichoshikizwa kwenye jengo kwa misumari huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo. Marehemu alipigiliwa pamoja na dirisha. Kwa hiyo Bi. Nellie Catterall, kwa kadiri anavyokohoa, ni sehemu ya dirisha.

Avril alipewa dakika tatu. Alisimama na mkoba wake mkononi.

"Nimewapikia watoto wenu," alisema. "Wewe hapo, Trevor, nimekupikia wewe mwenyewe, na ulikuwa unaficha karoti mfukoni. Ningewawekea kwenye sahani kitu ninachokipangusa kila asubuhi chumbani kwangu, mngenifunga. Kingeonekana ndani ya jiko langu, mngelifunga jiko. Sasa kipo kwenye mto wa mume wangu mnaniambia ni historia. Basi njooni mlale nayo."

Diwani Trevor alitazama biskuti yake. Bi. Vane, aliyekaa safu ya mbele, aliinua mkono kwa upole. Alisema Marafiki hawana roho mbaya. Hakuna anayetaka wazee wapate baridi. Kama dirisha la asili likitolewa zima, bila kuguswa, na kukabidhiwa kwa Marafiki, wao watalitafutia mahali panapostahili, ambapo kila mtu ataweza kumfurahia Nellie. Ndivyo alivyosema: kumfurahia.

Kibali kilipita kwa kura sita dhidi ya moja. Kilikuwa na masharti tisa. Sharti la nne lilisema misumari sita ising'olewe, isilegezwe, isipakwe rangi.

*

Walilitoa siku ya Jumatatu, mwezi wa Machi, jua likiwaka bila joto. Dean alikata ukuta pembeni taratibu kwa msumeno mwembamba. Farrant alisimama na orodha yake na kamera. Kila msumeno ulipokwenda na kurudi dirisha lilikohoa, na makohozi yakamwangukia Dean shingoni. Aliyafuta kwa mkono wa shati, akaendelea, midomo ameikaza kama mtu anayesafisha kidonda cha mtu mwingine.

Lilipokuwa limeshikiliwa na kabari mbili tu, Norman akasogea. Alivaa suti yake ya mazishi. Aliweka kiganja juu ya mbao iliyooza, mahali palipokuwa na misumari.

"Mmoja tu," alimwambia Farrant. "Sitaki yote. Mmoja. Apate hewa kidogo kabla hajaenda."

Farrant alionyesha masikitiko ya kweli. "Sharti la nne, Bw. Catterall."

Norman akamgeukia Dean. Dean alikuwa na nyundo ya kung'olea mkononi, inchi moja kutoka kwenye msumari wa kwanza.

"Nina kazi zao kumi na tatu mwaka huu, mzee," Dean alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Wakinifuta kwenye orodha nimekwisha. Nisamehe."

"Sijakulaumu."

"Afadhali ungenilaumu."

Walilishusha ngazi likiwa limefungwa blanketi, watu wawili, kama wanavyoshusha mgonjwa. Lilikohoa kila kipandio. Farrant alitangulia kinyumenyume akisema polepole, polepole, kona hiyo. Barabarani wanachama wa Marafiki walikuwa wamesimama wakapiga makofi, siyo makubwa. Bi. Vane alikuwa na kitambaa puani. Alisema ni vumbi.

Kwa muda wa nusu saa, kabla jipya halijapandishwa, pale juu palikuwa na tundu tu. Norman alisimama mbele yake na koti. Upepo uliingia wote, baridi na harufu ya mvua na ya mkate kutoka dukani kule kona, ukapeperusha kalenda ukutani. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta tena, kama anayevuta kwa niaba ya mtu. Chini, ndani ya gari, blanketi lilikuwa likikohoa.

Dirisha jipya halikusema kitu. Chumba kilipata joto. Ukungu ulikauka ukabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, konokono wakahamia kwa watu wa namba kumi na tatu. Kila alfajiri saa kumi na mbili kasorobo Norman aliamka mwenyewe, akalipandisha dirisha kwa kidole, akaacha hewa iingie.

"Tumelipia joto, wewe unalimwaga barabarani," Avril alisema chini ya blanketi.

"Dakika tano tu."

"Dakika tano za Aprili. Nitakufa mimi sasa, ukoholewe na kabati."

Lakini hakumzuia hata siku moja.

*

Mahali panapostahili palipatikana Mei. Kiwanda cha Thorncliffe kilikuwa kimegeuzwa zamani kuwa nyumba za kupanga za watu wenye nafasi, na chini, palipokuwa chumba cha kuchambulia pamba, palikuwa na mkahawa wenye mimea na viti vya ngozi. Marafiki walilitundika dirisha hapo, kwenye ukuta wa matofali, na taa ndogo juu yake.

Avril ndiye aliyesoma habari hiyo gazetini. Alimpa Norman gazeti, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Norman hakuwahi kuingia kiwandani. Alipofika miaka kumi na mitano meneja alimtumia barua ya kumwita kazini, kama walivyofanya kwa kila mtoto wa mfanyakazi, na Nellie aliichoma jikoni. Kisha akamshika mwanawe masikio yote mawili akamwapisha: hata mlangoni usikanyage, hata kuniletea chakula, hata nikifia mle ndani, watanitoa wao. Norman aliendesha basi miaka thelathini na tisa na njia namba nne ilipita mbele ya geti lile mara kumi na mbili kwa siku. Kila mara alitazama upande wa pili.

Wiki tatu zikapita. Siku ya Alhamisi alivaa koti.

"Wamemrudisha kazini, Avril," alisema. "Mgonjwa vile vile. Siwezi kumwacha peke yake."

Wakaenda kwa miguu. Binti wa mapokezi aliwakaribisha kwa tabasamu na kuwaonyesha meza. Dirisha lilikuwa kati ya choo na kabati la keki. Chini yake walikuwa wameweka sinia la chuma la kupokelea. Pembeni palikuwa na kibao cha shaba: *Kikohozi cha Mfanyakazi wa Pamba, mnamo 1958. Kwa hisani ya Familia ya Thorncliffe.* Jina la Nellie halikuwepo. Bi. Vane aliwahi kueleza kwamba bila jina anawakilisha wote.

Dirisha likakohoa. Watu wa meza ya pili wakanyamaza kwa heshima, mmoja akainua simu yake kurekodi. Lilipotema, uzi mrefu wa kijivu ukashuka kuelekea kwenye sinia, ukaning'inia, na bwana mmoja aliyekuwa anakula keki yenye sukari ya unga akaufuata kwa macho huku akitafuna. Akameza. Akasema, "Ajabu, eh?" akakata kipande kingine.

Norman alisimama karibu na mbao. "Ni mimi, mama," alisema. "Samahani nimeingia." Hakuna aliyemwangalia vibaya. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Hakikubadilika.

Mwanamke mwenye glovu za mpira akaja kubadilisha sinia. Alikuwa na miaka arobaini hivi, kitambulisho kifuani kimeandikwa Violeta. Alilivuta kwa uangalifu, lakini pamba iliyokauka kandokando ilinyanyuka ikawa vumbi jeupe, akageuza uso, akakohoa. Mara moja, halafu mara nyingi.

"Vio, mpenzi," binti wa mapokezi aliita kwa sauti tamu, "nenda nyuma kidogo. Wageni watachanganya vikohozi."

Norman na Avril walimfuata mpaka mlango wa stoo. Alikuwa ameegemea ndoo, anafuta macho.

"Una muda gani hapa, dada?" Norman aliuliza.

"Toka siku waliyolileta. Kila siku sinia nne. Jumamosi sita."

"Na kifua?"

"Kifua, wiki mbili sasa. Nilienda kwa daktari. Kaniuliza navuta sigara ngapi."

"Unavuta?"

"Hapana. Kaandika tano."

Avril alifungua mkoba wake akatoa peremende za kifua, zote, akamwekea mfukoni mwa aproni. Norman alimtafuta meneja. Meneja alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akasema maoni ya familia wanayathamini mno, akampa karatasi ya chai mbili za bure. Norman aliandika pia kwa halmashauri, kwa Farrant, kwa Marafiki. Farrant alijibu kwa mkono wake mwenyewe. Alisema sinia siyo la asili, kwa hiyo haliko chini ya mamlaka yake.

Wakawa wanakwenda kila Alhamisi. Norman alikaa upande wa dirisha, akalisomea habari za mpira, maana Nellie alipenda mpira. Avril alizungumza na Violeta kwenye mlango wa stoo, kuhusu supu, kuhusu mabinti zake wawili kule kwao, na alimletea barakoa alizonunua kwenye duka la dawa. Violeta alizivaa siku mbili. Binti wa mapokezi akamwomba avue, kwa kuwa ziliwatia wageni wasiwasi kuhusu keki.

Alhamisi ya mwisho ya Agosti Violeta hakuwepo. Norman aliuliza. Binti wa mapokezi alifikiri kwa dhati, kidole kidevuni, akasema, "Yupi huyo?"

Aliyekuja kubadilisha sinia alikuwa msichana, hajafika hata miaka ishirini, nywele amezifunga kwa utepe. Kitambulisho kilisema Ilinca. Alikuwa mwepesi, alilivuta sinia kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukipangusa ukuta, na vumbi likamzunguka uso kama unga unaochekechwa. Dirisha lilikohoa juu ya kichwa chake.

"Rudi nyuma kidogo, mwanangu," Avril alisema. "Usilikaribie hivyo. Ziba mdomo."

Ilinca aligeuka akiwa na sinia lililojaa mikononi, akawatazama wazee wale wawili waliovaa makoti yao mazuri, akacheka kwa adabu ili asiwavunjie heshima.

"Msiogope, mama," alisema. "Ni dirisha tu."